Je, Kula Nyama Nyingi Kunadhuru Afya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huyarudia kila mazungumzo ya chakula yanapoanza. Majibu mengi yanamhusu mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Ukiwa na jongo (gauti), maradhi ya figo au ujauzito, soma pia sehemu ya mwisho kabla hujabadilisha chochote.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, nyama nyingi ni mbaya au si mbaya?

Inategemea mambo matatu: ni nyama ya aina gani, ni nyingi kiasi gani, na imechukua nafasi ya nini kwenye sahani yako. Anayekula nyama ya ng'ombe mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na mboga za majani, maharage na matunda, hana sababu ya kukosa usingizi. Anayekula soseji kila asubuhi, nyama nyekundu mchana na usiku, huku mboga kwake zikiwa pambo tu, anajiongezea hatari ya saratani ya utumbo mpana, maradhi ya moyo na kisukari. Wengi wetu tuko katikati ya hawa wawili.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Tumbo lina kipimo chake. Kila kipande cha nyama kinachozidi kinasukuma kitu kingine nje, na kwa kawaida kinachosukumwa ni mboga, matunda na jamii ya kunde. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na mlaji mkubwa wa nyama mara nyingi hafiki hata nusu yake.

2. Nyama nyekundu ni ipi hasa?

Ni nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, farasi. Nguruwe huwachanganya watu kwa sababu nyama yake hugeuka nyeupe ikiiva, lakini wataalamu wa lishe wanaiweka kwenye kundi hili. Kuku, bata mzinga na samaki hawamo.

Wekundu wenyewe unatokana na mayoglobini, protini yenye madini ya chuma inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Hata yale maji mekundu yanayobaki kwenye sahani ya nyama si damu. Damu karibu yote hutoka mnyama anapochinjwa.

3. Na nyama ya kusindikwa?

Ni nyama iliyotiwa chumvi nyingi, kukaushwa kwa moshi, kuchachushwa au kuwekwa kemikali za kuhifadhi ili ikae muda mrefu au ibadilike ladha. Soseji, bekoni, hemu, salami na nyama za kopo zote zimo. Kusaga peke yake hakuhesabiki: nyama ya kusaga isiyoongezwa kitu ni nyama ya kawaida. Upande wa pili, soseji ya kuku ni nyama ya kusindikwa hata kama kuku mwenyewe si nyama nyekundu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

4. "Nyingi" ni kiasi gani?

World Cancer Research Fund, taasisi inayochambua tafiti za chakula na saratani, inashauri nyama nyekundu isizidi milo mitatu kwa wiki, yaani jumla ya gramu 350 hadi 500 ikiwa imeshapikwa. Nyama ya kusindikwa inasema iliwe kidogo sana, au isiliwe kabisa.

Angalia neno "imeshapikwa". Nyama hupoteza maji jikoni, kwa hiyo gramu 500 za nyama iliyoiva zilikuwa karibu gramu 700 zikiwa mbichi, bila mfupa. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima sehemu yako mara moja tu kabla hujala. Mimi nilipofanya hivyo niliweka kile nilichokuwa nakiita "kipande kidogo", na mshale ukasimama kwenye 240. Kumbe mlo mmoja ulikuwa umekula karibu nusu ya wiki yangu. Usipokuwa na mizani, tumia mkono: kipande cha upana na unene wa kiganja, bila vidole, ni takriban gramu 100.

Hesabu kwa wiki, usihesabu kwa siku. Sherehe moja yenye nyama nyingi haimdhuru mtu ambaye siku nyingine sita alikula kwa kiasi.

## Saratani

5. Ni kweli imethibitishwa kwamba nyama inasababisha saratani?

Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza uamuzi wa wataalamu 22 kutoka nchi 10 waliopitia tafiti zaidi ya 800. Nyama ya kusindikwa iliwekwa Kundi la 1, yaani ushahidi unatosha kusema inasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Nyama nyekundu iliwekwa Kundi la 2A, yaani huenda inasababisha: dalili ni nzito, lakini ushahidi kwa binadamu haujafunga mlango wa maelezo mengine.

6. Sigara nayo iko Kundi la 1. Kwa hiyo soseji ni mbaya kama sigara?

Hapana. Makundi yale yanapima jinsi wataalamu walivyo na uhakika, hayapimi ukubwa wa madhara. Makadirio yaliyotolewa wakati ule yalihusisha ulaji mkubwa wa nyama ya kusindikwa na vifo kama 34,000 vya saratani kwa mwaka duniani kote. Tumbaku ilihusishwa na vifo vya saratani kama milioni moja, na pombe 600,000. Anayevuta sigara na kula soseji anajua sasa aanze na kipi.

7. Nimesikia soseji inaongeza hatari kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini?

Ya hatari uliyokuwa nayo tayari. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa *kila siku* zilihusishwa na ongezeko la kama asilimia 18 la hatari ya saratani ya utumbo mpana. Chukua watu 100 ambao, bila soseji, 5 kati yao wangeugua saratani hiyo katika maisha yao. Wote wakila gramu 50 kila siku kwa miaka mingi, wagonjwa watakuwa karibu 6. Kwa mtu mmoja ni ongezeko dogo. Kwa nchi yenye mamilioni ya watu ni hospitali zinazojaa.

Ninakazia hesabu hii kwa sababu nimeona watu wakikosea pande zote mbili: mmoja anatupa kila kitu jikoni kwa hofu, mwingine anacheka na kusema "babu alikula akafika miaka tisini". Babu alikuwa mmoja wa wale 94.

8. Nyama inadhuru utumbo kwa njia gani?

Njia zinazojulikana ni kadhaa, na zinafanya kazi pamoja. Chuma kilicho ndani ya mayoglobini husaidia kuundwa kwa kemikali za nitroso kwenye utumbo, na kemikali hizo zinaweza kuharibu vinasaba vya seli. Chumvi za nitriti, ambazo viwanda hutumia kuipa hemu na bekoni ile rangi ya waridi na kuzuia bakteria, huongeza kemikali hizohizo. Tatu ni moto mkali, unaojibiwa kwenye swali linalofuata. Nne, utumbo usiopata nyuzinyuzi hukaa na uchafu muda mrefu zaidi.

9. Nyama ya kuchoma ina hatari zaidi ya kuchemsha? Na ile iliyoungua?

Ndiyo, ikiungua. Miaka ya 1970, Takashi Sugimura na wenzake huko Japani waligundua kwamba sehemu nyeusi ya samaki na nyama vilivyochomwa ina kemikali zinazobadilisha vinasaba. Hutokea protini na kriatini, kemikali ya asili ya misuli, zinapokutana na joto kali.

Moshi nao una mchango wake. Simama karibu na wavu wa kuchomea uangalie: tone la mafuta linadondoka juu ya kaa, linachemka kwa ghafla, moshi wa bluu unapanda na kuilamba nyama kutoka chini. Moshi ule unabeba kemikali za jamii moja na zile zilizo kwenye masizi na moshi wa sigara, na zinaganda kwenye nyama.

Huna haja ya kuacha kuchoma. Inua wavu mbali na makaa, subiri miali izimike, kata mafuta yanayoning'inia, geuza nyama mara kwa mara, na ukipenda ichemshe kidogo kwanza ili ikae motoni muda mfupi. Vilevile kuiloweka kwenye ndimu, siki, vitunguu saumu na viungo kunapunguza kemikali hizo. Palipokuwa peusi kama mkaa, kwangua au kata utupe.

10. Mbona kuna wanasayansi waliosema tusipunguze nyama?

Mwaka 2019 jopo moja la kimataifa lilichapisha mwongozo kwenye jarida la kitabibu la *Annals of Internal Medicine* likishauri watu wazima waendelee na kiasi chao cha nyama. Kelele zilikuwa kubwa. Takwimu zao, hata hivyo, zilifanana na za wengine: wanaokula nyama pungufu waliugua pungufu, ila kwa tofauti ndogo. Tofauti ilikuwa kwenye hukumu. Jopo liliona ushahidi ni dhaifu, kwa kuwa unatokana na kufuatilia watu na kuwauliza wanakula nini, na wenyewe waliuita ushauri wao dhaifu.

Maoni yangu ni kwamba hoja yao juu ya udhaifu wa tafiti ni ya haki. Wala nyama wengi pia huvuta sigara zaidi na kufanya mazoezi kidogo, na kutenganisha mambo hayo ni kazi ngumu. Lakini tafiti za nchi nyingi zinapoelekea upande mmoja, na maabara ikieleza njia (swali la 8), kupunguza ni busara isiyogharimu kitu.

## Moyo, kisukari na uzito

11. Nyama inapandisha lehemu (kolesteroli)?

Kinachopandisha lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya vipimo, ni hasa mafuta yanayoganda. Unaweza kuyaona kwa macho. Weka sufuria ya supu ya nyama yenye mafuta kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta utando mweupe juu, mgumu kiasi cha kuinuliwa kwa kijiko kama sahani. Utoe, kisha pasha supu. Umeondoa sehemu kubwa ya tatizo bila kupoteza ladha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Mbavu na nyama ya kusaga yenye mafuta zinakufikisha hapo haraka. Sarara na steki zilizokatwa mafuta zinakuacha na nafasi.

12. Nikihamia kwenye kuku nimepona?

Kwa upande wa saratani ya utumbo, kuku asiyesindikwa hajahusishwa kama nyama nyekundu. Kwa upande wa lehemu, usijiamini kupita kiasi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 liliwalisha watu wazima wenye afya nyama nyekundu, kisha nyama nyeupe, kisha protini ya mimea, kwa vipindi. Nyama nyekundu na nyeupe ziliiacha LDL juu kwa kiwango kinacholingana. Protini ya mimea ndiyo iliyoishusha. Toa ngozi ya kuku, na baadhi ya siku kula dengu au maharage badala yake.

13. Nina presha. Niache nyama?

Anza na ile ya kusindikwa kwa sababu ya chumvi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kutoka vyakula vyote, na soseji chache tu huchukua sehemu kubwa ya kijiko hicho. Nyama ya kawaida iliyopikwa kwa chumvi kidogo unaweza kuendelea nayo kwa kiasi cha swali la 4.

14. Kisukari kinahusianaje na nyama? Nilidhani ni sukari.

Wengi hushangaa hapa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, wa watu karibu milioni 2 katika nchi 20, ulikuta gramu 50 za nyama ya kusindikwa kwa siku zikiambatana na ongezeko la asilimia 15 la hatari ya kisukari cha aina ya pili, na gramu 100 za nyama nyekundu ya kawaida zikiambatana na asilimia 10. "Zikiambatana" haina maana ya "zikisababisha". Tahadhari ya swali la 10 inafanya kazi hapa pia. Mgonjwa wa kisukari anaweza kula nyama isiyo na mafuta mengi, lakini asidhani kwamba chakula kisicho na sukari hakina mpaka.

15. Nyama inanenepesha?

Protini inashibisha, na nyama isiyo na mafuta inaweza hata kumsaidia anayepunguza uzito. Kinachonenepesha ni mafuta ya nyama, mafuta ya kukaangia na ukubwa wa sahani.

## Nikipunguza, nitakosa nini?

16. Damu haitapungua?

Swali zuri, na kwa baadhi ya watu ni la maana kuliko yote yaliyotangulia. Chuma cha nyama kinanyonywa na mwili kirahisi zaidi kuliko chuma cha mimea. Msichana au mwanamke anayepata hedhi nzito, mtoto mdogo, au mtu aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa damu asikimbilie kuacha nyama kwa sababu ya hofu ya saratani.

Anayepunguza ajue mbinu mbili: kula maharage, dengu au mboga za kijani pamoja na kitu chenye vitamini C kama chungwa, ndimu au nyanya mbichi, na usinywe chai au kahawa pamoja na chakula. Subiri kama saa moja, kwa sababu vinywaji hivyo huzuia chuma kunyonywa.

Vitamini B12 ni habari nyingine. Kwa asili inapatikana kwenye vyakula vya wanyama tu: nyama, samaki, mayai, maziwa. Anayeacha vyote hivyo lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Akiba ya ini inaweza kumtosha miaka kadhaa, ndiyo maana ganzi ya miguu na uchovu huja akiwa ameshasahau alichoacha.

17. Nanyanyua vyuma. Si nahitaji nyama nyingi?

Mtu mzima wa kawaida anahitaji karibu gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 50 kwa mtu wa kilo 60. Anayefanya mazoezi ya kujenga misuli hufaidika hadi kama gramu 1.6 kwa kilo. Zaidi ya hapo faida inakuwa ndogo sana. Gramu 100 za nyama iliyoiva isiyo na mafuta zina protini gramu 25 hadi 30, na mayai, maziwa, samaki na kunde vinajaza kilichobaki.

18. Basi wasiokula nyama kabisa ndio wenye afya kuliko sote?

Utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu wapatao 48,000 kwa miaka 18, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta wasiokula nyama wana maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22, lakini kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Chakula cha chipsi na soda hakina nyama, na hakimsaidii mtu.

## Tumbo

19. Ni kweli nyama hukaa tumboni siku nyingi ikioza?

Si kweli. Asidi ya tumbo na vimeng'enya huivunja, na mlo wa nyama huondoka tumboni ndani ya saa kadhaa. Protini karibu yote hunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Uzito unaousikia ni mafuta, ambayo hulichelewesha tumbo kujimwaga.

20. Kwa nini nikila nyama sana choo kinakuwa kigumu?

Nyama haina nyuzinyuzi hata kidogo, na mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Rudisha kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na ongeza maji. Damu kwenye choo, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, usikisingizie nyama, muone daktari.

21. Nyama isiyoiva vizuri?

Kipande kizima hubeba bakteria zaidi juu, kwa hiyo moto wa nje huua wengi. Nyama ya kusaga huchanganya cha juu na cha ndani, hivyo inapaswa kufika nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na kuku 74. Tegu wa ng'ombe na wa nguruwe nao huingia kwa njia hii.

## Hali maalumu

22. Nina jongo. Ni nyama tu inayoniumiza?

Nyama ina purini, ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki. Ikizidi, huganda kama sindano ndogo ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka ikikigusa. Ini, figo na viungo vingine vya ndani ndivyo vyenye purini nyingi, pamoja na dagaa. Bia na soda zenye sukari zinapandisha asidi hiyo pia, na ninasikitika kila ninapokutana na mgonjwa aliyeacha nyama yote huku bia akiiacha mahali pake. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Dawa za kushusha asidi zipo, na zinatumika hata siku ambazo huumwi.

23. Protini nyingi inaharibu figo?

Kwa figo zenye afya, hakuna ushahidi thabiti kwamba inaziharibu. Kwa figo zilizokwisha kudhoofika, protini nyingi huziongezea mzigo, na daktari hupanga kiwango. Tatizo ni kwamba figo hudhoofika kimyakimya: mwenye kisukari au presha apime kwanza kabla ya kuanza mlo wa protini nyingi.

24. Mjamzito ale nyama? Na ini?

Ale, iliyoiva kabisa, kwa sababu mahitaji yake ya chuma yamepanda, na nyama mbichi inaweza kubeba vimelea vya toksoplasma vinavyomfikia mtoto. Ini ni tofauti: lina vitamini A nyingi mno kiasi cha kuweza kudhuru mimba, na nchi kadhaa huwashauri wajawazito waliepuke.

25. Mzee wangu anakula nyama kidogo sana. Naye apunguze?

Hapana. Misuli hupungua na umri, na wazee hushauriwa protini zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kama meno ndiyo tatizo, mpe nyama ya kusaga, samaki au mayai.

26. Kuna wanaokula nyama tupu na wanasema wamepona kila kitu. Inawezekana kuishi hivyo?

Mwaka 1928, mvumbuzi wa nchi za barafu Vilhjalmur Stefansson na mwenzake waliishi kwa nyama tupu mwaka mzima, wakianzia chini ya uangalizi wa madaktari katika hospitali ya Bellevue, New York. Hawakuugua ugonjwa wa kutajwa. Ila mwanzoni Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta, na ndani ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kuhara hadi aliporudishiwa mafuta. Mwili haumudu protini pekee. Watu wawili kwa mwaka mmoja pia hawawezi kutuambia lolote juu ya saratani au mishipa ya moyo, maana magonjwa hayo hujengeka kwa miongo.

27. Nikila nyama nyekundu usiku, naamka nawashwa mwili mzima. Ni nini?

Inaweza kuwa mzio wa alfa-gali, sukari iliyomo kwenye nyama ya wanyama wanaonyonyesha. Kupe wa aina fulani akikuuma, mwili hujifunza kuichukia sukari hiyo. Tofauti na mzio wa karanga unaolipuka mara moja, huu huchelewa saa 2 hadi 6, ndiyo maana mtu hauhusishi na chakula cha jioni. Kuku na samaki huwa hawana shida. Andika ulichokula na saa uliyoanza kuwashwa, mpelekee daktari aagize kipimo cha damu, na ukivimba midomo au pumzi ikibana, kimbilia hospitali usiku huohuo.